Mshale wa Shingoni Mwako

Papa wangu,

Wamekaribia kunikubali chuo kikuu. Profesa wa Lubumbashi atakayenisimamia anataka mazungumzo ya mwisho kwa simu, kesho. Nikipita, nitasoma doktora, shahada ya uzamivu, huku nikiendelea na kazi yangu ya uuguzi hapa Kalemie: kila mwezi juma moja la utafiti, mengine yote wodini. Nitachunguza vidonda vya mishale. Ee, Papa, vile vile ulivyokuwa ukitibu wewe.

Unakumbuka dispansere yetu, ile zahanati ya barabara ya Nyunzu? Ulinishikisha taa ningali mutoto wa shule, na wanaume wamemlalia mgonjwa asiruke. "Usivute!" ulinifokea siku nilipotaka kusaidia. "Ukivuta, miiba ya mshale inatoka na nyama. Sukuma, itokee upande wa pili." Mtu akanguruma kama ng'ombe wa malisho ya Pepa, damu ikakuruka mpaka kwenye kola. Leo alilala mtu wetu, kesho mmoja wa wale wa ng'ambo ya mto, waliokuwa wakipigana nasi. Kitanda kilikuwa kile kile.

Kwetu mshale uliotoka mwilini hautupwi. Ndugu wanauweka, urudi kwa mwenyewe aliyeupiga, na urudi kwa njia uliyojia, mwilini. Wewe peke yako ulikataa. Ulivunja mti wake ukautia kwenye mbabula, lile jiko la makaa, juu ya makala yaliyokuwa yanachemsha vyombo vya kazi, na chuma ukakitupa chooni. Walikutukana sana.

"Munganga, ule mushale ni wetu!"

"Ni wako? Basi ingia chooni uutafute."

Nilicheka mpaka taa ikanitikisika mkononi.

Asubuhi wale wa ng'ambo walipovuka mto kuja kutuchoma, nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya uuguzi. Nyumba za jirani zilikuwa zinawaka moto. Mama Feza, jirani yetu, walimkatia mlangoni pake kwa panga, akiwa na mwiko mkononi. Wewe ukatoka na koti lako jeupe, mikono juu, ukapiga kelele: "Miye njo nilishona vidonda vya watoto wenu!" Walikujua, Papa. Mmoja alikujua vizuri, maana kovu la mshono wako lilikuwa mkononi mwake, na alicheka kabla ya kuachia uzi wa upinde.

Nilikuvuta ndani. Nilitaka kusukuma mshale kama ulivyonifundisha. Lakini ulikuwa shingoni, na shingoni hakuna pa kusukumia. Ulinishika mkono mpaka ukaacha kunishika.

Mdogo wako, Baba Mudogo, alinipokonya ule mshale nilipoutoa mwilini mwako, sijanawa hata damu. Tulikimbilia Kalemie akiwa nao, na miaka yote hii ameuweka chini ya godoro lake.

Nisikudanganye: nataka kuua. Akilazwa wodini mtu wa ng'ambo ya mto, nampima presha kwa adabu, namwita Papa, na moyoni namkaba koo. Profesa aliniuliza kwanza, "Utaketi na pande zote mbili?" Nikasema ndiyo. Nilisema haraka mno.

Leo asubuhi, nikipanga majibu yangu karibu na maharagwe yaliyokuwa motoni, Baba Mudogo aliingia. Alifungua kitenge akaweka mshale juu ya karatasi zangu.

"Mwanangu, kule ng'ambo siye hatuingii. Weye utaingia na karatasi ya iniversite. Watakufungulia milango, watakupa kiti, watakuambia wenyewe nani alipiga. Umurudishie."

Na Papa, nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi! Niliuchukua, nikamwona akilini yule aliyecheka akinivutia kiti, akiniuliza kama nitakunywa maji. Niliona mpaka mahali pa kumchoma. Ndipo nikaona pia wagonjwa wote watakaonifungulia vidonda vyao kwa kuniamini, na mimi nimekuja kuwinda.

Niliuvunja gotini.

Kofi lake liliniziba sikio. "Unamuua ndugu yangu mara ya pili!" Alinikamata nywele, akanivuta, mdomo wangu ukajaa damu, sufuria ikapinduka, maharagwe yakatuunguza miguu wote wawili. Nikatia vile vipande kwenye makala hivyo hivyo. Mti mkavu hauchelewi. Chuma nilikibeba kwa koleo mpaka choo cha uani, yeye nyuma yangu akiwaita majirani waje kumwona mutoto aliyelaaniwa.

Kilianguka. Nilisikia kikigusa chini.

Sasa amekaa kizingitini, ananipa mgongo. Nimempaka dawa miguuni; amekubali mguu tu, macho hapana. Hasira haikuungua, Papa. Nitakwenda nayo ng'ambo ya mto, nitaikalisha kwenye kiti watakachonipa. Labda nitakutana na aliyecheka. Nitamuuliza kidonda chake kilishonwa na nani, kisha nitanyamaza aseme jina lako.

Lala, Papa. Kesho profesa akiniuliza tena, nitajibu polepole.

Ni mimi,
binti yako mshika taa