Paswedi Yangu Ukutani

Mwenzangu, nimejifungia chooni kazini. Nikifukuzwa leo usishangae.

Si nilikuambia leo kuna kikao cha kulinda kompyuta zetu, baada ya wale matapeli kuingia kwenye barua pepe za ofisi? Basi yule mtaalamu wa mitandao akasema paswedi za majina ya watoto sasa mwisho. Kila mtu atunge sentensi ndefu, ya kweli, ambayo hawezi kuisahau.

YA KWELI. Hilo neno ndilo lililoniponza.

Nikatunga yangu palepale. Mara akaniita mbele niwaonyeshe wenzangu jinsi ya kuingia. Projekta inawaka. Mimi kwa kiherehere changu nikaiandika paswedi kwenye nafasi ya jina!

Ukuta mzima, herufi kama za bango: BosiHukoromaKilaKikao7

Watu walicheka mpaka karani wa stoo akaanguka na kiti chake. Na bosi je? Alikuwa AMELALA! Amelala, mwenzangu! Kicheko ndicho kilichomwamsha. Akajifuta mdomo, akasoma taratibu kwa sauti, akauliza, "Nani anakoroma?"

Mtaalamu akakohoa: "Mzee, kama paswedi, ni imara sana."

Bosi akanitazama weee, kisha akasema, "Badilisha. Sasa hivi." Akageukia dirishani asione ninachoandika, eti usalama.

Nimebadilisha. Nakuambia wewe tu, na ukishasoma ufute: ni ileile, nimeongeza "Bado".