Viti Vinavyosubiri Verandani

Rajabu, mtoto wa kaka yangu,

Viti vyako vimefika Koboko salama. Dereva wa lori alivishusha, akaniambia, "Mama, kijana yako iko mutu mkubwa sasa kule Arua," akacheka, akaondoka bila kunywa kahawa. Mtu anayekataa kahawa ya tangawizi nyumbani kwetu ana haraka ya kitu, nami haraka yake sikuipenda. Basi viti viko verandani, bado vimevaa nailoni, na kuku wa jirani ametaga juu ya kile kirefu cha kukaa watu watatu. Wageni wakija nawapitisha hapo mbele yake, wanaingia ndani kukaa mkekani. Wananiona nimerukwa na akili. Waache.

Wewe unajua kwa nini viko nje. Haboba, bibi yako, Mungu amrehemu, hakuruhusu kitu kivuke kizingiti chake mpaka aliyekileta ataje nani amempa na kwa sababu gani. Hata kipande cha sabuni. Kililala verandani chini ya tabaga, kile kifuniko cha rangi tunachofunikia chakula, na hakuna mkono uliothubutu kukifunua.

Unaukumbuka ule mpira? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele huna. Ulirudi kutoka sokoni umeukumbatia, mpya, unanukia duka. Haboba akaupokea taratibu, akauweka verandani, akaufunika. Ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi. Hakukupiga. Wala hakwenda kuuliza majirani, ingawa mimi nilimwambia aende. Alikaa chini mbele yako akangoja mdomo wako mwenyewe. Mwishowe ukasema: bwana mmoja mwenye jerikeni za mafuta ya magendo kutoka Congo ndiye amekupa, ili askari wakiuliza useme hujaona kitu. Nao waliuliza, nawe ukasema hivyo hivyo.

"Hii haiko zawadi," Haboba akakwambia. "Huyo mutu alinunua mdomo yako."

Kesho yake mkaurudisha, wewe umeubeba, yeye ametangulia, mimi nyuma nimejitanda mtandio mpaka puani kwa sababu soko zima lilikuwa linatutazama. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Sasa nije kwenye siku mlipoagwa shuleni kwenu Mvara. Nilikaa na wazazi wenzangu, nimevaa gomesi yangu ya sikukuu, nikamsikiliza Mheshimiwa aliyealikwa kuwausia. Alisema juu ya tabia njema. Akasema juu ya raia mwema, na uaminifu, na uaminifu tena. Rajabu, muuza samaki akirudiarudia kwamba samaki wake ni wa leo, mimi huinama nikanusa. Kisha ukasoma risala yenu, akakushika bega mbele ya watu, akasema kijana huyu anajua kusema. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, lakini moyo ulikataa. Ukaninong'oneza, "Shangazi, na wewe unashuku kila mtu."

Ni kweli, nashuku. Sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudan tumeulizwa sana hapa mpakani, kwetu ni wapi hasa. Baba yako aliulizwa mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo uraia kwangu si wimbo wa kuimba mtu amesimama wima. Ni neno ninalolisema na likaaminika, kwa kuwa jana pia nilisema kweli. Ukilichafua neno lako, watakuuliza tena kwenu ni wapi, na safari hii hutakuwa na la kuwajibu.

Wiki iliyopita Mama Neema, yule Mkongomani wa vitenge, alirudi kutoka Arua na habari. Anasema kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya kijijini ulisimama kando ya Mheshimiwa yuleyule, ukatangaza kwamba madawati mapya yamefika, umeyaona kwa macho yako. Mtoto wa dada yake anasoma hapo. Bado anakaa chini, kwenye vumbi. Kwanza nilimshuku Mama Neema mwenyewe, maana mwanawe alimaliza pamoja nawe na hana kazi, na wivu haukosi maneno. Nikamjibu ovyo. Alipoondoka nikatazama verandani. Madawati yanatajwa wala hayaonekani. Viti vyangu havina aliyevitaja, na hivi hapa.

Zamani ulifundishwa kusema hujaona kilichokuwapo. Leo nasikia umesema umeona kisichokuwapo. Naogopa, mwanangu. Naogopa kweli.

Barua hii nimeiacha wazi ili wenzako nao waisome. Nyinyi mliovua sare juzi, hakuna atakayewaita kuiba. Atawasifu. Atawaita viongozi wa kesho, halafu atawaomba kitu kidogo, sentensi moja tu mbele ya watu. Mdomo ndio unaouzwa kwanza, mikono inafuata. Akikusifu mtu, shukuru, kisha muulize anataka useme nini.

Nami nisijifanye malaika. Jioni moja nilitazama huku na huku, nikaona njia tupu, nikavikalia viti vyako. Ni laini. Mgongo wangu huu wa sokoni ulivipenda sana, na nilipoinuka nikajishuku hata mimi.

Nauli ninayo. Ningeweza kwenda hiyo shule nikachungulia dirishani, yakaisha. Sijaenda. Haboba hakwenda sokoni siku ile, na mimi sitakutangulia kuujua ukweli wako. Njoo wewe. Kaa mkekani, kunywa kahawa, utaje nani amevitoa na kwa sababu gani. Ikiwa ni jasho lako, nitamwita Mama Neema akae kwenye kile kirefu, nikuombe radhi yeye akisikia.

Ikiwa sivyo, basi viti hivi ni vizito kuliko mpira. Sitakwenda mbele mikono mitupu kama Haboba, wala nyuma nimejificha kwenye mtandio. Utashika upande mmoja, mimi nitashika mwingine, tutapita katikati ya soko.

Maji ya kahawa yako jikoni,
Shangazi yako, bado niko mkekani