Honi Uliyoiondoa Kwenye Usukani

Mpendwa Baba Akinyi,

Nakuandikia mchana huu nikiwa nimekasirika, na usijifanye hujui sababu. Fundi Njoroge ametoka hapa sasa hivi. Alifungua boneti ya gari, akainamisha kichwa kama daktari asiyetaka kusema. Kisha akaniita.

"Mama, nani alifunga hizi waya?"

"Marehemu mzee wangu."

"Alikuwa fundi wa umeme?"

"Alikuwa karani wa reli."

"Karani!" Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mama, mimi nimefungua magari Kisumu hii miaka kumi na mbili. Sijaona kitu kama hii. Hii waya nyekundu inatoka hapa, inaenda kule, inarudi hapa tena. Ilikuwa inatafuta nini?"

Nilitaka kukutetea.

Sasa nimefungua shajara zangu mezani, maana unajua mimi bila tarehe siwezi hata kugombana. Ninataka nikukumbushe mambo haya kwa mpangilio, kwa sababu ulipokuwa hai ulikuwa ukiniambia, "Mama Akinyi, hiyo haikuwa hivyo," na mimi nikienda kuleta shajara, wewe ulikuwa ukikumbuka kwamba una safari ya mjini.

Gari tulilinunua mwaka 1990, ulipostaafu. Lilikuwa jeupe, refu, la kubebea mizigo nyuma, na lilikuwa kitu pekee kilichobaki baada ya miaka yako yote ya reli. Ulisema litabeba sare ninazoshona, tuzipeleke shuleni Kombewa na sokoni Katito, na kweli limebeba. Lakini nyumba yetu ya Kaloleni haina geti wala ua. Gari lililala nje, mlangoni, chini ya dirisha letu, na wewe ulilala sikio moja likiwa nje pamoja nalo.

Kisha wezi wakaja kwa Mwalimu Ouma, nyumba ya nne kutoka kwetu. Asubuhi tulilikuta gari lake limekaa juu ya mawe, halina magurudumu hata moja. Ulilizunguka mara mbili ukiwa umefunga mikono nyuma. Jioni hiyo nilikuomba kwa adabu kabisa tununue alamu. Nimeandika hapa: tarehe 9 Septemba 1991. "B.A. amesema atafikiria."

Ulivyofikiria ninavyo vyote hapa. Kwanza ulikuwa unatoa rota, kile kidude cha kugawa umeme, kwenye injini kila jioni na kuiingiza ndani, ili mwizi asiweze kuliwasha gari. Jambo zuri. Lakini uliiweka mezani, Baba Akinyi, kando ya sahani ya ugali, na mafuta yake meusi, na mimi nikishona sare nyeupe za wanafunzi wa uuguzi kwenye meza hiyo hiyo. Nilipolalamika ukaanza kuiweka mfukoni mwa koti. Ukaenda kanisani na koti, gari likabaki mlangoni limekufa, na mimi nikangoja hapa na sare arobaini za kupeleka Katito hadi mchungaji alipomaliza.

Baada ya rota ukaja na betri. Uliibeba ndani kila jioni, ukaitoa kila asubuhi, mpaka mgongo ukakataa. Siku tatu ulitembea umeinama, na mtu akikuuliza unasema ni baridi ya ziwa.

"Nunua alamu," nikasema. "Kwa yule Mhindi wa vipuri wanauza ya bei nafuu. Nimeiona dirishani."

"Ile?" ukasema. "Ile inalia kama kuku aliyekanyagwa. Mama Akinyi, nani hapa Kaloleni atatoka kitandani kwa sababu ya kuku?"

Ndipo ukatengeneza yako. Ulijifungia na gari Jumamosi nzima, hukula hata chakula cha mchana. Ulipomaliza ulinionyesha kwa fahari: nati nzito inaning'inia kwa waya ndani ya kikombe cha chuma. Mtu akitikisa gari, nati inagusa kikombe, umeme unapita, na honi ya gari inalia bila kukoma. Sikuona kikombe chenyewe vizuri, maana ulikuwa umekizungushia utepe mweusi. Hilo la kikombe nitalirudia.

Haikupita wiki. Alfajiri moja upepo ulitoka ziwani, ule wa kabla ya mvua, ukalitikisa gari. Honi ikalia. Ikalia na kulia, haikatiki. Na wewe, mtu uliyezaliwa Kombewa, uliyezika wazazi wote wawili, ulishindwa kabisa kukumbuka kwamba huku kwetu gari linalopiga honi bila kukoma lina maana moja tu. Ni gari linalomleta maiti nyumbani.

Milango ilifunguka mstari mzima. Wanawake walitoka wamefunga leso kiunoni, mikono kichwani. Mama Otieno wa nyumba ya mkabala alitangulia, akipiga nduru mpaka mbwa wakaitikia.

"Uwi! Ng'a motho? Nani amekufa? Mama Akinyi, ni nani?"

Na wewe ukatokea mlangoni na taulo kiunoni na tochi mkononi, ukipaza sauti, "Hakuna maiti! Hakuna aliyekufa! Ni alamu!"

"Alamu ni nani?" akauliza Mama Otieno.

Nilitamani ardhi inimeze. Ulihangaika kuizima, waya zikakuchoma vidole, na watu wamekuzunguka. Ilipozimika hakuna aliyeondoka. Mama Otieno aliketi kwenye ngazi yetu akapangusa macho.

"Baba Akinyi, mimi nimeshalia," akasema. "Nimelia machozi ya kweli. Siwezi kurudi nayo nyumbani. Weka chai."

Nikaweka chai. Watu kumi na wanane walikunywa chai na mkate hapa kwetu alfajiri, kama matanga kamili, na maiti mwenyewe akiwagawia sukari. Nilikuwa nimekasirika. Na wewe je? Walipoondoka ulisugua viganja ukaniambia, "Umeona? Walitoka wote. Niambie ni alamu gani ya dukani ingewatoa wote."

Nimeiandika sentensi hiyo hapa na kuipigia mstari mara mbili. Kwa hasira.

Mara ya pili walitoka nusu. Mara ya tatu alitoka Mama Otieno peke yake, na alikuja na kikombe chake mkononi. Mara ya nne hakutoka mtu. Honi ililia kidogo, kisha ikakatika ghafla. Uligeuka upande wa pili kitandani ukasema kwa furaha, "Unaona sasa, imejizima yenyewe. Nimeirekebisha." Asubuhi tukakuta boneti iko wazi na betri haipo.

Sikusema kitu siku hiyo. Nakukumbusha kwamba sikusema kitu.

Ulinunua betri nyingine, na badala ya kuacha hayo mambo yaishe, ukaongeza swichi ya siri. Ukisukuma upande mmoja, honi inafanya kazi ya alamu, gari likiwa limezimwa. Ukisukuma upande wa pili, inarudi kwenye usukani kama magari ya watu wengine. Lakini ulisahau kuirudisha, kila siku ulisahau, mpaka ukaacha kabisa. Ukawa unaendesha gari lisilo na honi. Tukikuta ng'ombe barabarani huko Nyakach ulikuwa unatoa kichwa dirishani na kuwapigia kelele, "Ondokeni! Ondokeni nyinyi!" na mimi kando nimejifunika uso na sare za shule.

Jioni moja ulijaribu kunionyesha swichi iko wapi. Nilikuwa napiga pasi. Nilikwambia sitaki kusikia habari ya waya hata moja katika maisha yangu. Ukaniambia hivyo hivyo, taratibu, huku umesimama mlangoni, kisha ukaenda. Kwa kuwa mimi huandika kila kitu, hata nisichokitaka, niliandika: "B.A. asema swichi iko chini ya kiti changu, upande wa mlango, nyuma ya kitambaa. Juu ni honi, chini ni alamu. Sikumjibu."

Sikumjibu. Hata leo nikilisoma neno hilo nalikwepa kwa jicho.

Mwaka 1993 uliugua wiki mbili tu. Mimi hutoa maelezo ya kila kitu, lakini kurasa za wiki zile zina tarehe peke yake.

Asubuhi ya kukurudisha nyumbani tulikusanyika nje ya mochari. Sanduku lako lilikuwa kwenye pikapu ya kanisa, na gari lako ndilo lilipaswa kutangulia, likipiga honi mpaka Kombewa, kama desturi. Mdogo wako Ochieng' aliketi kwenye usukani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Wanaume wakafungua boneti, wakaziona zile waya zako, wakaifunga tena polepole.

"Tutangulize gari lingine," mmoja akasema.

"Mtu atangulizwe na gari la wenyewe na lake liko hapa?" Ochieng' akamjibu kwa ukali.

Wazee wakaanza kunong'ona. Nilimsikia mjomba wako nyuma yangu. "Mzee anakataa kuondoka. Kuna neno hajasema." Na Akinyi alinishika mkono, akauliza, "Mama, Baba anakataa?" Alikuwa na miaka kumi na tisa tu.

Basi nikafungua mkoba wangu. Shajara ya mwaka huo ilikuwa ndani, na ile ya mwaka uliotangulia, kwa sababu nilikuwa nimeibeba nikisoma habari zako hospitalini. Nilisimama na nguo yangu nyeusi mbele ya watu wote nikipekua kurasa. Walidhani natafuta sala. Mchungaji hata alivua kofia.

Nikaipata. Nikafungua mlango wa upande wangu, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikapitisha mkono nyuma ya kitambaa. Ilikuwa pale pale uliponiambia. Nikaisukuma juu.

"Piga," nikamwambia Ochieng'.

Ililia, Baba Akinyi. Ililia kutoka mjini, tukapita Kisian, tukakata kushoto, mpaka tukaingia Kombewa. Ochieng' hakuondoa mkono. Njiani watu waliacha majembe, wakaacha vikapu vya samaki, wakasimama kando ya barabara mikono kichwani. Watu ambao hawakukujua. Walitoka wote. Nami nilikaa kwenye kiti changu, juu ya swichi yako, na nilikuwa bado nimekukasirikia, na sikujua mahali pa kuiweka hasira hiyo.

Tangu siku hiyo sijaigusa swichi. Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na miaka arobaini na sita, na jioni nilikuwa nafunga mnyororo na kufuli kwenye pedali, basi. Lakini mwezi uliopita wezi walikuja. Walivunja kioo kidogo cha nyuma na kujaribu kuukata mnyororo, na kilichowafukuza ni Mama Otieno kukohoa. Gari hili likienda, kazi yangu ya sare imekwenda nalo, nawe wajua sina kingine. Akinyi ameandika kutoka Nairobi: "Mama, achana na vitu vya Baba. Nunua alamu ya kisasa."

Nimechunguza alamu za madukani kwa wiki mbili. Nimeziandika zote. Ya rimoti ni nzuri ila inataka betri za saa ambazo mjini wakati mwingine hazipatikani. Ile ya kuku aliyekanyagwa bado wanaiuza, na bado inalia vile vile. Nimechukua ya katikati, yenye king'ora chenye betri yake ndogo ndani, ili mwizi akiiba betri ya gari, king'ora kiendelee kulia. Bei yake naiweza. Nimeichagua kwa sababu ya ile honi uliyosema imejizima yenyewe. Huwezi kusema hukunifundisha kitu.

Leo Njoroge amesema hawezi kuifunga bila kung'oa zako.

"Haziwezi kukaa pamoja?" nikamuuliza.

"Mama, hizi zitakuchomea gari. Tazama hapa, imeshaanza kuungua. Ni bahati tu."

Nilimwambia anipe dakika, nikaingia ndani, nikakunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Nikarudi nikamwambia ang'oe.

Alizitoa moja moja akaniwekea kwenye gazeti: waya, swichi, nati. Mwisho akabandua utepe mweusi akanikabidhi kikombe. Kikombe changu cha alumini, Baba Akinyi! Cha kupimia unga! Nilichokitafuta mwaka mzima! Nilimshuku dada yako Perez. Sikumwambia, lakini nilimshuku, nimeandika hapa mara tatu, na kila alipokuja kututembelea nilihesabu vyombo. Wewe ulikuwa umeketi hapo hapo ukinitazama nikihesabu.

Njoroge alifunga alamu mpya, akarudisha honi kwenye usukani, akaniambia nijaribu. Nikaingia, nikabonyeza. Nilitaka kubonyeza kidogo tu. Mkono ukakataa kutoka. Ililia, ikalia, mpaka Njoroge akaziba masikio.

Mlango wa mkabala ukafunguka. Mama Otieno akatoka, leso kiunoni, mikono tayari inapanda kichwani.

"Mama Akinyi! Ng'a motho?"

Nikaondoa mkono. "Hakuna," nikamwambia. "Ni Baba Akinyi tu."

Alinitazama, akalitazama gari, akaziona zile waya kwenye gazeti. Akashusha mikono taratibu. Kisha akavuka barabara, akaketi kwenye ngazi yetu mahali pake pa siku ile.

"Basi weka chai," akasema.

Kikombe nimekisugua kwa majivu, kimetakata. Swichi nimeiweka kwenye shajara, ukurasa ule wa sikumjibu. Ndilo jibu langu, limechelewa. Gari liko mlangoni, limefungwa, nawe lala sasa, masikio yote mawili.

Ni mimi niliyesikia kila ulichosema,
Mama Akinyi