Sweta la Mkwe Nisiyemtazama

Jumatatu, 8 Januari 1979
Ulikuwa wapi, bibi wewe? Tangu kupanda maharage hujafungua daftari. Mwalimu wa kisomo alihangaika na vidole vyako vigumu, kumbe ili daftari ulifunikie chungu. Haya, andika.

Mikono yote miwili ya sweta tayari. Uzi wa sufu, kijani. Niliununua misheni nimfumie marehemu mume wangu, akafa sijaanza. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa niliubeba ndani ya chungu, na majani ya tumbaku juu yake, wadudu wasiule. Sasa namfumia mkwe, mume wa binti yangu Devota. Kachukuliwa mgambo. Lori lao linapita hapa Jumapili kwenda vitani. Atalala nje na mvua hii.

Jumanne, 9 Januari
Devota kaleta kamba aliyompimia mumewe kifua. Ndefu mno. Mkwe ni mwembamba. Kamba hii imepima mwanamume mwingine.

Nimemuuliza. "Mama, fuma tu." Hakunitazama.

Alhamisi, 11 Januari
Muuza duka la kijiji ana kifua kipana vilevile. Jana Devota alikawia dukani, akarudi na sabuni. Wenzake walirudi mikono mitupu.

Nina hasira mpaka kichwa kinagonga. Yule mtoto nilimbeba mgongoni akiwa na surua, nikikosa usingizi. Ningemfia. Lakini hawara hatavaa uzi wa marehemu.

Nafuma kwa kipimo changu.

Jumamosi, 13 Januari
Limekwisha. Devota kaliinua juu.

"Hili la nani, Mama? La mbuzi?"
"La mumeo."
"Mume wangu umemwona lini wewe?"

Miaka mitano mkwe akija najifunika kanga, napita nyuma ya nyumba, kama desturi inavyotaka. Nimewahi kuona miguu yake tu. Miembamba.

"Na sabuni?"
"Nilipanga foleni mpaka mwisho. Wenzangu walichoka."

Sijaamini bado.

Jumapili, 14 Januari
Lori limesimama. Nilijibanza kwenye migomba nikachungulia. Haifai. Nimefanya.

Mabega kama ya fahali, juu ya vijiti viwili vya miguu. Alilivaa sweta, likakwama kwapani. Wenzake garini wakamcheka: "Umevishwa la mwanao?" Akalivua polepole. Akajifunga mikono ya sweta shingoni. Kisha akamwambia Devota kwa sauti kubwa, uso kaelekeza kwenye migomba:

"Mwambie mama, shingo yangu haitapata baridi."

Lori likaondoka. Nimeona aibu ya kunimaliza.

Jumatatu, 15 Januari
Nimemwambia Devota nilichokuwa namdhania. Kachukua jembe, kashinda shambani. Jioni kaniwekea uji, kakaa karibu yangu. Tumechambua maharage.

Siku utakayorudi hapa, bibi, andika ulichokiona kwa macho yako tu. Kama hakuna habari za mkwe, andika tarehe, ufunge.