Makala Tatu za Kilima cha Kasinga

Jumamosi, 10 Septemba 2022

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Mama wa Mlimani ni mimi. Ile blogu ambayo prof wetu wa Kifaransa alituonyesha darasani kwenye simu yake, akasema mwanamke huyu anaandika vizuri, lazima anakaa Goma — ni mimi, benchi ya tatu, nikitazama viatu vyangu. Nina miaka kumi na sita.

Leo nimeiongezea kitu. Nilisoma mahali kwamba msomaji akimaliza makala moja anaondoka, isipokuwa umwekee chini yake nyingine inayofanana. Basi nimewasha orodha ya "Soma pia". Mashine inachagua yenyewe, ikifuata neno ninaloandika mwishoni mwa kila makala. Mimi huandika jina la kilima ambako habari ilitokea. Rahisi.

Jumatano, 14 Septemba

Inafanya kazi! Zamani watu walikaa dakika moja na nusu. Sasa tisa. Tisa! Nimefungua statistiki mara nne, mega za intaneti zinakaribia kuisha.

Kitu kimoja sikipendi. Kuna mtu anasoma makala tatu za Kasinga, kilima chetu hapa juu ya Nyabiondo. Zile zile, jana na leo. Anamaliza moja, anabonyeza inayofuata, kisha anarudi mwanzo. Wengine wanazungukazunguka. Huyu hapana. Anatafuta nini?

Alhamisi, 15 Septemba

Wakati wa mapumziko Élie wa darasa letu aliwaambia wenzetu kwamba kilima cha Mama wa Mlimani ni cha kwao kabisa. Francine akamcheka, akauliza tangu lini Kasinga kuna kitu cha kuandikwa zaidi ya mbuzi wa baba yake. Wote wakacheka. Élie hakucheka.

"Weye cheka tu. Papa anasema nimusomee yote, tangu mwanzo."

Alikuwa anatazama dirisha. Dirisha liko nyuma yangu.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimezisoma zote tatu jinsi orodha inavyozipanga.

Ya kwanza: mjane ambaye shemeji yake anataka shamba la marehemu, naye shemeji anaapa kwamba hakuna karatasi ya kumwachia mke. Ya pili: jinsi wanawake wanavyotundika kibuyu cha mbegu za maharage juu ya moto, moshi uzuie wadudu. Ya tatu: mama anayesema kitu kisichopaswa kupotea anakichanganya na mbegu, kwa sababu hakuna mwanaume anayegusa mbegu za mwanamke.

Niliziandika kama wanawake watatu, miezi mbalimbali. Ni mmoja. Ni Mama Adelaïde, jirani yetu, aliyeniambia tukichambua maharage, kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Shemeji ni Papa Barthélemy, baba yake Élie. Na karatasi ipo. Ina alama ya kidole ya marehemu na sahihi ya chefu wa kijiji wa zamani. Jumatatu mjane na shemeji wanaitwa kwa chefu wa sasa. Bila karatasi hiyo, Mama Adelaïde atatoka shambani.

Nilibadilisha majina ya watu wote. Kilima sikubadilisha. Nani hubadilisha jina la kilima? Na Kasinga ina mjane mmoja tu.

Kila makala peke yake haisemi kitu. Orodha ndiyo inasema karatasi iko wapi.

Nimejaribu kufuta ya tatu. Mtandao ukakatika kabla ya kunijibu ndiyo ao hapana. Na kama imefutika, je? Mtu akishasoma, amesoma.

Jumamosi, 17 Septemba

Papa Barthélemy amekuja na jembe kumsaidia Mama Adelaïde kupanda. Tangu kaka yake afe hajawahi kulima kule hata mstari mmoja. Mama amesema labda Mungu amemgusa moyo. Mimi niliona: hajaenda shambani. Ameenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Adelaïde.

Nikaenda. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta Papa Barthélemy amekaa kwenye kigoda kando ya moto, kibuyu kimening'inia juu ya kichwa chake, cheusi kwa masizi. Akauliza mtoto wa vitabu leo ametokaje inje. Kisha akamgeukia shemeji yake, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Adelaïde, weye kaa. Kule ni juu. Mbegu nitashusha miye."

Akainuka, akanyoosha mkono.

Mbele ya wakubwa sisemi. Lakini nilisikia sauti yangu:

"Mama Adelaïde, Mama ananituma. Anaomba mbegu ya maharage. Kibuyu yote. Tutarudisha."

Hakuna mtu anayeomba kibuyu kizima. Wote wawili walinitazama.

"Yote?" Papa Barthélemy akacheka. "Kwenu mumekula mbegu?"

Kula mbegu ni aibu ambayo familia inakaa nayo miaka. Nikasema ndiyo, tumekula.

Mama Adelaïde hakucheka. Alipanda juu ya kigoda, akapitisha mkono kando ya uso wa shemeji yake, akakishusha mwenyewe, akakiweka mikononi mwangu. Mkono wa Papa Barthélemy ulikuwa bado hewani.

Nikatoka. Sikukimbia.

Mchana, siku ileile

Sijafungua kizibo. Ninasikia sauti ya Papa Barthélemy uani kwetu. Anamuuliza Mama kama ni kweli tumekula mbegu. Mama bado hajajibu.

Nimekifunga kibuyu mgongoni kwa kikwembe, kama ninabeba mtoto. Ninatoka kwa mlango wa nyuma, ninaenda kwa chefu leo, nisingoje Jumatatu. Ataniuliza nimejuaje kwamba karatasi imo humu. Nitamwambia Mama wa Mlimani ni nani.