Gari Lisilo na Klachi

Ifakara
10 Machi 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Wewe je? Kidonda kimefunga, au bado kinatoa maji? Deus na mkewe hawajambo? Mwambie kaka kwamba nashukuru anavyokutunza.

Baba, kaa vizuri nikupe habari. Tumenunua gari! Mpunga wa mwaka jana pamoja na mashine yetu ya kukoboa ndivyo vilivyotufikisha hapo. Juzi mume wangu Valentino ameshuka nalo kutoka Dar es Salaam likiwa tope tupu mpaka kwenye vioo. Ni Surf ya dizeli, buluu iliyokolea, milango mitano. Limetumika Japani, lakini kwetu ni jipya na bado linanukia duka. Watoto wanakaa nyuma bila kugombana, na nyuma yao bado yanaingia magunia. Ukifungua swichi kuna kitaa cha njano kinawaka, lazima ungoje kizime ndipo upige stata. Valentino hana subira, mimi ninayo, kwa hiyo gari linanipenda mimi. Redio haishiki kituo chochote, inakoroma tu, eti imezoea vituo vya kwao. La ajabu kuliko yote ni kwamba halina klachi. Ni otomatiki. Unaweka kwenye D, unaachia breki, linaondoka lenyewe polepole wala hujagusa mafuta.

Nina jambo jingine, nawe unalijua. Mwezi wa nane mama atatimiza mwaka. Tutamsimamishia msalaba pale nyumbani Idete, na padre ameahidi misa. Malaria ilipomchukua, wewe ulikuwa wodini umekatwa mguu, tukamzika bila wewe. Hukumwekea mkeo udongo, na najua hilo linakula moyo wako kwa sababu linakula na wangu. Kupanda treni tena ulikataa. Sasa kuna gari. Barabara ikikauka tutakuja Mlimba kukuchukua mlangoni kabisa. Tafadhali baba, kubali.

Ni mimi mwanao,
Levina


Mlimba
29 Machi 1996

Mwanangu Levina,

Marahaba. Mimi sijambo, na kidonda kimefunga. Ila huo mguu wa kushoto ambao haupo unaniwasha vidole, nikipeleka mkono kukuna nakuta blanketi. Daktari alisema itakuwa hivyo, na kweli imekuwa.

Hongereni kwa gari, Mungu alilinde na mashimo. Lakini dizeli bila klachi? Nimeendesha lori la ushirika tangu hujazaliwa, nimevuka mito kabla haijawekewa madaraja, sijaona gari linalomchagulia dereva gia. Dereva ni nani hapo, wewe au lenyewe? Kwenye matope litajuaje kwamba umetaka namba mbili? Na betri ikifa mtafanyaje? Nimemuuliza fundi mmoja wa reli hapa, anasema hilo hata likisukumwa na kijiji kizima haliwaki. Haya, nicheke. Mzoea punda hapandi farasi.

Kuhusu Idete, hapana. Nilitolewa wodini nimebebwa. Niliingizwa kwenye behewa nimebebwa, mmoja kanishika kwapani, mwingine matakoni, na waliokuwa wanatazama ni watu niliowapakia mimi kwenye lori langu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwa mama yako sitafika hivyo. Alinijua nikishuka mwenyewe kwenye gari, vumbi mpaka kwenye kope, na ndivyo ninavyotaka anijue. Simamisheni msalaba, niombeeni, mimi nitasali hapa hapa. Usinisukume katika hili.

Hata hivyo niandikie linavyotembea. Nina muda mwingi na sina la kusoma.

Baba yako,
Dionisi


Ifakara
16 Aprili 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaisoma tena. Leo sikusukumi. Leo nakupa habari za gari kama ulivyotaka.

Kwanza sifa zake. Ndani kuna utulivu, unaweza kumsikia mtoto akipiga miayo. Mafuta linakunywa kidogo kuliko lile Land Rover la misheni ulilonifundishia. Juzi karibu na mto Lumemo nilikuta magari yamekwama yote. Nikaingiza magurudumu manne, nikaweka kwenye L, gia ya nguvu, nikaliacha litambae, likatoka polepole kama bibi anayetoka kanisani. Watu walipiga makofi! Kasoro zipo pia. Kwenye mteremko linakimbia mpaka urudishe gia kwenye 2. Na ukitaka kulipita lori, unakanyaga mafuta, lenyewe linafikiri kwanza, ndipo linaondoka.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza niliwapakia Valentino na mama mkwe kwenda sokoni. Pale njia panda ya Kibaoni nikataka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto ukakimbilia klachi kama ulivyonizoeza. Klachi hakuna, baba. Pale kuna breki, pana kama sahani ya kupakulia ubwabwa, nami nikaikanyaga kwa nguvu zangu zote. Valentino paji la uso kwenye kioo, kuku wa mama mkwe juu ya usukani, na mama mkwe mwenyewe anamwita Bikira Maria kwa Kipogoro. Kesho yake nikarudia. Ndipo Valentino akanifunga huo mguu kwenye kiti kwa kanga, na hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mguu wa kulia ndio unaofanya yote, mafuta na breki. Wa kushoto kwenye gari hili ni wa nini? Adui mtupu. Afadhali mtu auache nyumbani.

Nicheke basi, na unijibu upesi.

Mwanao,
Levina


Ifakara
23 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako, na hilo linanikosesha usingizi. Tangu mwezi wa nne nangoja jibu. Mvua zimekwisha, watu wamevuna, treni zinapita kila siku, na hakuna hata mstari mmoja kutoka kwako.

Wiki iliyopita Deus alipita hapa. Nikamuuliza kama barua yangu ilifika. Akasema uliisoma, ukaikunja, ukaitia mfukoni mwa shati, ukaomba uachwe peke yako. Tangu siku hiyo mlango wako unaufunga mchana, na mtu akikuuliza unafanya nini unasema hakuna. Ndipo nikaanza kukumbuka nilichoandika, neno kwa neno, mpaka nikafika kwenye mguu wa kushoto. Nilikaa chini hapo hapo mashineni, kwenye pumba.

Baba, nilikuwa naandika kama ninavyozungumza na baba yangu wa siku zote, yule anayekanyaga klachi. Moyo wangu bado haujakubali kwamba mguu wako haupo. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu ni hivyo hivyo. Nisamehe. Habari ya Idete sitaitaja tena kama inakuumiza. Ila usininyamazie. Mama amekwisha kuninyamazia, siwezi kuwavumilia wawili.

Mwanao,
Levina


Mlimba
4 Julai 1996

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Futa machozi. Mimi ni mzima, na wa kuomba radhi ni mimi.

Sikukasirika hata kidogo. Nilipofika pale uliposema afadhali mtu auache nyumbani, nilicheka mpaka mke wa Deus akaja mbio akidhani nalia. Kisha nikaacha kucheka. Maana mimi wangu nimekwisha kuuacha, Levina. Umeniandikia kurasa nzima habari za gari ambalo baba yako anaweza kuliendesha, na wewe mwenyewe hukuona!

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Mtu wa umri wangu akitumaini jambo, na likishindikana watu wakajua, anaonekana amerukwa na akili. Nilitaka kwanza kujua kama mguu wa kulia bado una adabu. Nimeweka matofali mawili mbele ya kitanda, pana la breki, jembamba la mafuta. Nafunga mlango, nakaa ukingoni na mfuniko wa sufuria mikononi, naendesha. Natoka Mlimba, napita Chita, napita Mngeta, barabara yote ninayo kichwani. Mwanzoni paja lilikuwa linatetemeka. Sasa limetulia.

Nijibu haya. Hendibreki ni ya mkono? Yapo magari ambayo hendibreki yake hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na hapo safari yangu imeishia. Usukani ni mwepesi? Kati ya breki na mafuta kuna nafasi ya kutosha kiatu cha mzee?

Kama yote ni sawa, njoo nalo, uniachie usukani. Kwa mama yako nitakwenda nikiendesha. Valentino akiogopea gari lake ana haki, hata mimi ningeogopa. Mwambie sidai, naomba.

Baba yako,
Dionisi


Ifakara
27 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimelala nayo. Hendibreki ni ya mkono, usukani unazungushwa kwa kidole, na kiatu chako kitatosha.

Valentino aliisoma barua yako wakati wa chai ya asubuhi, akaisoma tena wakati wa ugali wa jioni. Halafu akauliza, "Mzee leseni anayo?" Nikamwambia unaitunza pamoja na cheti cha ndoa. Akasema, "Basi mimi nitakaa nyuma na rozari." Hiyo kwake ndiyo ruhusa.

Tutafika Mlimba tarehe kumi na tatu mwezi wa nane. Utaanzia kiwanja cha mpira. Mimi nitakaa kushoto kwako, na nitakufokea kama ulivyonifokea. Ukifeli, utakaa kiti cha abiria bila kununa. Ukifaulu, usukani ni wako mpaka Idete. Naogopa, baba, siwezi kukudanganya. Ila furaha imezidi hofu.

Mwanao,
Levina


Idete
25 Agosti 1996

Mwanangu Levina,

Marahaba, kabla hujasema. Mimi sijambo. Kama ulivyoona nimekataa kurudi Mlimba. Nipo kwenye nyumba yetu, na mama yako mdogo Marsiana ananipikia huku akinisema kama dada yake alivyokuwa akinisema. Deus asinune, nitamwandikia naye.

Safari uliiona, sitakusimulia barabara. Lakini macho yako yalikuwa kwenye mashimo, mimi hukuniona, kwa hiyo acha nikuambie. Mpaka Chita niliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, nikasingizia barabara. Baada ya Mngeta nilisahau kwamba sina mguu. Nakuambia kweli, nilisahau kabisa. Kipande kilichobaki kikanyanyuka chenyewe kutafuta klachi, kama ulivyofanya wewe, ila changu hakikumrusha kuku wa mtu. Gari lako nililisema bure. Tabia yake ya mteremkoni siipendi, lakini ni gari lenye heshima.

Pale kona ya shule nilipiga honi. Mkono ulipiga wenyewe. Miaka yote nilikuwa napiga pale, mama yako akisikia anaweka maji ya kuoga jikoni. Nilipokumbuka kwamba leo hakuna anayeweka maji, nililia huku naendesha, nanyi mkatazama nje dirishani. Mlifanya vizuri.

Nilishuka mwenyewe. Nilitembea na magongo yangu mpaka kaburini, nawe ulikuja nyuma bila kunigusa, ingawa nilisikia pumzi yako jinsi ulivyotaka kunishika. Kisha padre akasema mzee aweke udongo. Hilo hatukuwa tumelifikiria, si wewe wala mimi. Mwenye magongo mawili ataokota udongo kwa mkono upi? Deus alikuwa analeta wa kwenye koleo anitie kiganjani, nikamkatalia. Niliyaachia magongo nikajishusha mpaka nikakaa chini kabisa, ubavuni kwa mama yako. Nikauchukua udongo kwa mikono miwili, nikamwekea. Nikamwambia niliyokuwa nayo, na hayo sikuandikii, ni ya kwetu wawili.

Nilipomaliza sikuweza kuinuka. Nilijaribu, nikajaribu tena. Idete nzima imesimama pale inatazama. Deus alitaka kuja, ukamshika mkono. Ukabaki umesimama, machozi yanakushuka, unanitazama mimi tu, unangoja. Nami nikasema, "Levina, niinue." Mkaniinua, wewe na Valentino, mkanibeba mpaka kivulini mbele ya watu wote, na aibu niliyoiogopa mwaka mzima haikuja. Nilikuwa nimechoka, na nyie mlikuwa watoto wangu, basi. Asante kwa kuningoja niseme.

Kwa magongo kanisani ni mbali. Jumapili mkipata nafasi njooni mnichukue twende misa. Endesha wewe, mimi nitakaa nyuma na watoto.

Baba yako,
Dionisi