Sikio la Muuza Vikombe

Chumba cha nyuma ya duka la cherehani,
Jumamosi, saa nane mchana

Dada yangu mpenzi, uliyenibeba mgongoni hadi miguu yangu ikawa inaburuza chini,

Zikufikie salamu zangu zote, na zikukute umekaa, maana nakujua huketi. Mtoto hajambo? Lile jino lake limetoka au bado anawauma nyote kwa ufizi? Na baba watoto, mgongo wake umetulia? Mwambie asinyanyue magunia peke yake, ushujaa haulipiwi.

Sisi huku tu wazima, mimi na mume wangu. Acha niyaandike tena, dada, maana utamu wake haujaniisha mdomoni: mimi na mume wangu! Hii ni wiki ya saba na bado nikisikia mtu akiuliza mke wa fundi yuko wapi, nageuka kumtafuta huyo mke, kisha nakumbuka ni mimi. Ungemwona anavyoshona, dada. Hubana pini midomoni hawezi kusema, kwa hiyo huzungumza nami kwa nyusi. Nyusi moja ikipanda, anataka chai. Zikipanda zote mbili, basi, hayo si ya kuandika kwenye barua. Nikikaa kumtazama naona kwamba mkono wa kulia haufanyi kazi kubwa. Ni vidole vya kushoto vinavyosukuma kitambaa na kukipinda chini ya sindano. Vidole hivyo ndivyo vilivyoshona gauni langu la harusi, kila ua la lasi, na ndivyo vinavyotulisha.

Nimekuanzia na vidole kwa sababu naogopa, dada. Usingizi sina, chakula hakipiti. Hofu yangu ni bunduki, na naomba unisikilize kwa utaratibu kabla hujaniita mjinga.

Unajua kaka zake mume wangu ni wawindaji wa ndege. Kila msimu wa kwale hutoka wote Jumapili alfajiri, na yeye, kwa kuwa ni kitinda mimba, tangu utotoni kazi yake imekuwa kubeba mfuko na kufuata nyuma. Wanamwita Sindano. Mfuko ukijaa husema Sindano leo amepata uzi. Katika nyumba yao mtu hashiki bunduki ya kuwindia mpaka aoe, tena awe amenunua yake mwenyewe, haazimwi. Sasa ameoa. Kibali kilitoka wiki iliyopita, akakibusu kama barua ya mapenzi, nikaona wivu kidogo.

Jumanne tukaenda kuichagua, mimi, yeye na kaka yake mkubwa. Muuza bunduki ni mzee mmoja mnene anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Mume wangu alitaka ile ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kama walizo nazo kaka zake. Mzee akauliza mfuko wetu una uzito gani, akaambiwa, akacheka, akasema basi twende kwenye rafu ya chini. Huko kulikuwa na bunduki tatu tu. Ya kwanza ilikuwa mpya lakini nzito kama mchi, na kaka mtu akasema nayo utapiga kwale kwa kuwaangushia. Ya tatu ilikuwa sura mbaya, nikwambie kweli: mitutu imeparara, kitako kiliwahi kuvunjika kikaungwa kwa parafujo mbili. Lakini ya pili! Mbao zake nyekundu zimeng'arishwa, na ubavuni imechorwa kwale wawili wanaruka, hata manyoya ya shingo yanahesabika. Mume wangu aliishika nikamwona uso wake, dada. Ndio uso ule aliokuwa nao siku nilipojaribu gauni.

Mzee akatufundisha namna ya kuikagua. Alisema bunduki iliyotumika haichaguliwi kwa macho. Unaifunga, unaitikisa, usisikie inacheza. Unachungulia mitutu kwenye mwanga, ndani ing'ae bila vidonda. Halafu unaitoa mitutu, unaining'iniza kwa waya na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele, mlio ukakaa hewani. Yenye ufa, au iliyoachia maungio yake, haiimbi. Na hiyo, alisema, siku moja itapasukia mkononi, tena mkono wa kushoto, kwa maana ndio unaoishika chini ya mitutu.

Alipoigonga ile ya tatu, ile mbaya, ililia nikasisimka mpaka vinyweleo. Nikasema kwa sauti kwamba hii ndiyo nzima. Kaka mtu akanitazama akacheka, akasema, "Shemeji, tumekuja kununua bunduki, siyo sufuria." Wote wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kidogo tu, lakini nilimwona.

Ile ya pili mzee hakuining'iniza vizuri. Waya ulikuwa umeteleza, mitutu ikawa imeegemea kiganja chake, akagonga haraka akauliza kama tumesikia. Wakasema tumesikia, safi. Tukailipia.

Sasa nikuambie nilichosikia mimi. Unaijua kazi yangu. Miaka minne nimesimama duka la vyombo kwa Mama Vikombe, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kutoamini macho. Kila kikombe kinachotoka kwenye majani makavu ya kufungashia nakigonga kwa ukucha kabla hakijapanda rafu. Kizima husema ting. Kilicho na ufa husema ko, hata kama ufa wenyewe huuoni, na ukikiweka unakiona kizuri kabisa mpaka siku mtu atakapomimina chai ya moto. Ile bunduki ilisema ko. Niliisikia, dada. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu, nikamwona mume wangu anapitisha kidole juu ya wale kwale wawili, nikameza maneno. Nilijiambia labda ni kile kiganja cha mzee. Nilijiambia mke wa wiki saba hapingi furaha ya mumewe mbele ya kaka yake. Nimejiambia mengi tangu Jumanne.

Kesho alfajiri wanatoka. Hajaifyatua hata mara moja, anasema ya kwanza lazima iwe ya kwale. Kila jioni anaifungua kwenye sanduku, ananionyesha inavyoachana vipande vitatu: kitako, mitutu, na kile kipande cha mbao cha chini kinachoibana mitutu isichomoke. Bila kipande hicho bunduki haifungiki. Alinifundisha kwa raha zote, amenikalisha mapajani, mkono wangu ndani ya mkono wake.

Basi mchana huu, alipotoka kwenda kumpima mteja, nilichukua ufunguo kutoka kwenye kopo la vifungo, nikafungua sanduku, nikakitoa kipande hicho. Sasa hivi kipo mapajani mwangu, nimekifunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni langu la harusi. Nilianza kuandika barua hii ili niitume pamoja na furushi, unifichie huko kwako. Leo ana nguo za kumaliza mpaka usiku, sanduku asingeligusa; kesho angelifungua porini mbele ya kaka zake na kukikosa. Angeaibika, lakini angerudi na vidole kumi. Mimi ndiye niliyekuwa nimwibie, dada. Mimi niliyeapa.

Nasikia mlango wa mbele. Si saa yake hii.

*

Ni saa kumi na moja sasa. Nimeiokota barua sakafuni.

Aliingia kuchukua futi ya kupimia aliyoisahau, akanikuta na kitambaa cha harusi mapajani. Akatabasamu, akadhani namshonea kitu. Akakifungua mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akitabasamu halafu uso ukafungwa namna ile, kama duka. Akauliza kwa sauti ndogo, hiki kimefikaje hapa. Nikamwambia yote, kuanzia ko mpaka kopo la vifungo, nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Hakunigusa. Alichukua mitutu akatoka nayo uani, nami nikabaki nimeshika ukuta, nikifikiri ndoa yangu imekwisha kabla lasi haijapata vumbi.

Halafu akaniita. Alikuwa ameining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo kwa uzi wa kushonea, haikugusa kitu. Akagonga. Akagonga tena, ameinamisha kichwa. Akaniambia yeye anasikia chuma tu. Akaingia ndani akarudi na kikombe changu cha chai, na kile kingine chenye ufa tunachowekea sabuni, akavigonga kimoja kimoja, mara nyingi, na bado akasema kwake vyote ni vikombe. Akaniuliza kama nina hakika. Dada, hapo ndipo nilipotamani kusema sina. Nikasema nina hakika.

Akauliza kwa nini sikusema dukani. Nikamwambia niliogopa kumvunja moyo. Akasema moyo hushonwa, yeye ni fundi anajua, lakini vidole havishonwi.

Kesho atakwenda na kaka zake na atabeba mfuko. Sindano tena, na sasa ni Sindano mwenye mke. Atawaambia mwenyewe kwamba mke wake ameikataa bunduki kwa sikio. Nilimwomba aseme anaumwa tumbo, akakataa. Jumatatu tutairudisha kwa mzee, na tutaomba ile mbaya yenye parafujo mbili, kama bado ipo.

Nilikuwa naogopa asiniamini. Sasa ameniamini kwa kitu asichokisikia, ndiyo naogopa zaidi. Kama nimekosea, nitakuwa nimemvisha kicheko cha ndugu zake bure. Nimekwenda uani mara tatu kugonga, na mara zote tatu imesema ko.

Niombee, dada. Mpige mtoto busu kwenye ufizi. Wasalimie wote waulizao, na wasioulizia pia, wasione tumewasahau. Furushi halipo, usilitafute. Kitambaa nimekirudisha kwenye sanduku la nguo.

Amerudi kwenye cherehani, namsikia kupitia ukuta. Hajanipandishia nyusi tangu mchana, hata moja. Lakini mashine inakwenda sawasawa, haikatikikatiki, na mimi nimekaa hapa nasikiliza.

Ni mimi mdogo wako,
mke wa fundi